Siku moja na daladala ya Chake–Mkoani, Pemba, msimu wa mvua

Saa 10:30 alfajiri
Gari bado ni baridi, na huu ndio wakati wa kupima upepo. Tairi ikishatembea hupata moto, geji ikasoma juu kuliko ilivyo. Kipimo nakitoa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Wapo wanaopunguza upepo mvua ikianza, wakiamini gari itashika zaidi. Kwenye mchanga, sawa. Kwenye lami yenye maji ni kinyume chake: tairi iliyolegea hujikunja katikati, mifereji ikajibana, na maji yakakosa pa kutokea.

Kisha natia tochi kwenye mifereji. Ndani mna vinundu vidogo vya mpira. Kashata, yaani vipande vya mpira vinavyogusa lami, zikichakaa zikalingana navyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6 na tairi hiyo imekwisha. Kwa mvua zetu za masika naitoa ikifika milimita 3, sisubiri vinundu. Kiganja kinapita pia upande wa ndani wa tairi, ule usioonekana ukiwa umesimama, kwa sababu alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, ikiharibika ndiko kipara kinakoanzia.

Anayenunua tairi za mtumba asome ubavu. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mkongwe hukauka ukawa mgumu hata kama kashata ni nzima. Na gari zinazotoka Japani nyingine huja na tairi za theluji, zimeandikwa STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi. Kwenye lami yetu ya moto unalegea na masafa ya breki yanarefuka. Hizo zitolewe, hata zikiwa zinang'aa.

Tairi mbili nzuri zaidi nazifunga nyuma. Wengi hufunga mbele kwa kuwa ndiko kwenye usukani. Lakini mbele ikiteleza dereva anahisi mapema na gari inapunguza mwendo yenyewe. Nyuma ikiteleza, gari inazunguka.

Saa 11:30
Kupakia. Konda anataka kurusha gunia kwenye kerea ya juu ya paa, na mwenye gunia anamuunga mkono.
"Mzee wangu," namwambia, "hili tulishushe ndani, chini ya viti. Juu tutaweka pakacha na mikungu miwili."
"Litanikaa miguuni, mwanangu."
"Utanisamehe, mzee. Kwenye kona likiwa juu linatuvuta sote."
Mzigo mzito ukae chini na mbele ya ekseli ya nyuma, ule mtaimbo wa magurudumu. Ukirundikwa mkiani, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unapungua nguvu.

Saa 12 asubuhi
Tunatoka Chake, manyunyu yameanza. Dakika hizi za mwanzo ndizo za kuogopa kuliko mvua kubwa. Vumbi, mafuta ya injini na mpira uliosagika vimelala kwenye lami tangu jua la jana; maji kidogo yanavigeuza utelezi, na ni mvua ndefu tu inayoviosha. Ongeza udongo mwekundu unaoshuka kutoka mashambani, na msimu wa karafuu, makonyo (vikonyo vyake) na majani yaliyomwagika pembeni mwa barabara.

Nafasi na gari ya mbele ni sekunde nne badala ya mbili. Gari ile ikipita nguzo, nahesabu mpaka nami niifikie. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka tu inakula karibu mita 17. Breki zenyewe zinataka kama mita 20 kwenye lami kavu, na 35 au zaidi ikiwa imerowa. Mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya breki yanazidi mara nne.

Saa 1
Kona za kuelekea Mtambile. Sehemu ya tairi inayogusa lami haizidi kiganja cha mkono, na kiganja hicho kina nguvu moja tu ya kugawana: kufunga breki, kukata kona, kuvuta. Ukidai mbili kwa pamoja, inaachia. Kwa hiyo breki nazimaliza gari ikiwa imenyooka, gia nairudisha kabla ya kona, ndani ya kona mguu unashika mafuta kidogo, na naongeza mafuta usukani ukianza kunyooka.

Saa 2
Mteremko wa Mkoani kwenda bandarini. Gia ndogo, naitia tukiwa bado juu ya kilima, kabla ya kushuka. Hiace inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukirudisha gia katikati ya mteremko uliorowa na kuachia klachi ghafla, injini inayakamata magurudumu yale kama breki ya mkono, na mkia unakuja mbele.

Saa 4
Tunasubiri abiria wa boti, na kijana anayejifunza gari anauliza afanyeje ikishateleza. Namwambia kwanza aondoe mguu kwenye kilichosababisha: kama ni breki, aachie, kama ni mafuta, aachie.

Mbele ikiteleza, unakata usukani lakini gari inakwenda moja kwa moja. Usizidishe kukata. Punguza mafuta, rudisha usukani kidogo, ngoja tairi zishike tena.

Nyuma ikiteleza, tazama barabara unakotaka kwenda, usitazame mti. Geuza usukani upande ule ule mkia unakokimbilia: mkia ukienda kulia, usukani kulia. Breki usiguse. Mkia ukianza kurudi, nyoosha mara moja, la sivyo utakwenda upande wa pili kwa nguvu zaidi.

Magurudumu yakifunga kwenye gari isiyo na ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge), achia breki kisha kanyaga tena kwa upole, maana gurudumu lililofunga halisikii usukani. Yenye ABS, kanyaga kwa nguvu na ushikilie. Pedali itatetemeka, na hiyo ndiyo kazi yake.

Saa 7 mchana
Jua, lami kavu. Mwendo wa kawaida.

Saa 9
Mvua kubwa. Pahala maji yametuama, tairi isipowahi kuyasukuma hupanda juu yake: usukani unakuwa mwepesi ghafla, injini inapiga kelele bila gari kukimbia. Tairi nzima hufikia hali hiyo kwenye 80 hivi. Kipara, mapema zaidi. Hapo achia mafuta polepole, shika usukani sawa, usifunge breki. Ukitoka kwenye dimbwi refu, gusa breki kidogo huku ukitembea mpaka zikauke.

Saa 1 usiku
Kabla ya kuegesha, kwenye lami iliyonyooka na isiyo na gari nyuma, nakanyaga breki kwa mwendo wa 20. Gari ikivuta upande mmoja, nachungulia ndani ya rimu. Pakiwa na mafuta ya breki, silinda ya breki inavuja: ekseli ile inafunguliwa usiku huu huu, na viatu vya breki vinabadilishwa pande zote mbili, kwa sababu kubadilisha upande mmoja kunaacha mvutano ule ule kwa mvua ya alfajiri.