Tangi la Chang'ombe, Agosti 2016

Wageni walifika Jumatatu, wanane, wakiwa na ratiba ya siku 12 za kazi. Ilikuwa Agosti 2016, wiki chache baada ya Rais Magufuli kutangaza kwamba serikali yote inahamia Dodoma, na hapa Chang'ombe ya Dodoma kila kijiwe cha kahawa kilikuwa kikigawana viwanja ambavyo hakuna mtu pale aliyekuwa navyo. Wao walikuja kujitolea: kujenga tangi la maji ya mvua la lita 10,000 kwenye kituo cha watoto wadogo 70. Mimi nilikuwa fundi msimamizi.

Siku mbili za mwanzo hakuna aliyeshika sepetu. Kulikuwa na mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji wa kata, kisha uhamiaji. Mgeni anayejitolea Tanzania anatakiwa awe na kibali cha ukaazi daraja C hata kama halipwi senti. Viza ya utalii haimruhusu kuchanganya hata karai moja la zege. Wawili walikuja na hiyo ya utalii, wakakaa pembeni hadi karatasi zao zilipokaa sawa. Ratiba ikabaki siku 10, na hakuna aliyetaka kuisogeza kwa sababu tiketi za ndege zilikuwa zimeshakatwa.

Wakati tukisubiri nikawapigia hesabu mchangani kwa kijiti. Paa lilikuwa meta 12 kwa 5, yaani meta za mraba 60. Dodoma hupata kama milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Toa moja ya tano inayoruka nje ya mfereji na kukaukia kwenye bati la moto, zinabaki lita 27,000 hivi. Walifurahi. Nikaandika hesabu ya pili: watoto 70 kwa lita 2 kila mmoja ni lita 140 kwa siku, kwa hiyo tangi lililojaa ni siku 71 za masomo. Likijaa katikati ya Aprili, hata ukitoa likizo ya Juni, Septemba haliioni. Kibao walichokuja nacho kutoka kwao kilikuwa kimeshaandikwa kwamba ni maji ya mwaka mzima. Kilifungwa hivyo hivyo.

Tangi lenyewe lilikuwa la ferosimenti: ukuta wa saruji wa sentimeta 5 tu, wenye nyavu ndani. Kipenyo meta 2.5, kimo meta 2, saruji mifuko 18. Msingi haukutusumbua, ardhi ya pale ni ngumu, ukiondoa udongo wa juu unakutana na kitu kinachogongana na sururu. Mawe, zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) la sentimeta 10, wavu wa nondo nyembamba katikati, basi. Ukuta ndio kazi. Unasimamisha wavu wa nondo kwa duara, unauzungushia wavu wa kuku, kisha waya wa milimita 3 unaouviringisha kuanzia chini: sentimeta 5 kati ya mzunguko na mzunguko kwenye nusu ya chini, 10 kwenda juu, maana maji husukuma zaidi chini. Wageni walipenda kufunga waya, na kusema kweli walifunga vizuri kuliko vijana wangu. Mikono yenye subira.

Mchanga ndio ulionikosanisha na dereva wa lori. Ulitoka korongoni ukiwa mwekundu. Nikajaza chupa ya plastiki sentimeta 5 za mchanga, nikaongeza maji na chumvi kidogo, nikatikisa, nikaiacha kwa muda wa saa tatu. Tope lililokaa juu lisizidi milimita 3. Lilikuwa karibu sentimeta nzima. Tope hufunika chembe za mchanga, saruji isizishike, na lipu ikikauka hunywea na kufanya nyufa. Lori likarudi na mzigo wake, na nusu siku nyingine ikaenda.

Halafu maji ya kuchanganyia. Mtu asiyezoea mwiko hupenda mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, ikiwa laini kwa sababu inapakika bila kutumia nguvu. Mota ya tangi ni 1:3, saruji moja kwa mchanga tatu, na kipimo chake ni kiganja: ukiibana ibaki donge lisilochuruzika. Wageni waliongeza kopo moja, kisha jingine, na asubuhi ya siku ya saba kipande cha upana wa mlango kilishuka chote hadi sakafuni. Hatukugombana. Nilimwomba mmoja wao, mzee aliyewahi kuwa fundi bomba huko kwao, akae kwenye pipa la maji asimruhusu mtu. Alikaa kweli, kofia usoni, akitoa maji kwa kopo kama muuza mafuta ya taa.

Nje ya uzio vijana wa mtaa walikuwa wakitutazama. Mmoja aliniita pembeni: "Fundi, hawa wamelipa nauli ya ndege waje kubeba mchanga, na sisi saidia fundi tumekaa?" Sikuwa na la kumjibu. Bajeti haikuwa na kifungu cha vibarua, kwa kuwa kubeba ndiko wageni walikojia. Nilimpatia nafasi yeye na mwenzake kwenye lipu ya nje, kwa fedha ya chakula changu.

Lipu ya mwisho ilipigwa siku ya tisa saa nane mchana. Hapo ndipo nilipokosea. Upepo wa Agosti wa Dodoma haupigiwi lipu mchana; hukausha uso kabla saruji haijashika ndani. Ningeanza alfajiri, au ningesubiri jioni. Lakini kesho yake ilikuwa sherehe, na ngoma za Kigogo zilikuwa zimeshaagizwa. Wageni wakasalimia "mbukwenyi", wakapigiwa vigelegele, wakapiga picha mbele ya tangi bichi, wakaondoka.

Kumwagilia hakukuwa kwenye bajeti. Ukuta huo unataka magunia yaliyolowa, ndani na nje, siku 10 bila kukosa. Nilikadiria madumu 12 kwa siku, ya kununua kwa mkokoteni. Baada ya siku saba unaweka maji kimo cha sentimeta 30 ndani, ambayo ni madumu mengine 74. Fundi bomba alikuwa ameniachia noti mfukoni siku ya kuaga, bila kusema kitu. Zilitosha siku sita. Siku nne zilizobaki mama wa kituo alichangisha kwa wazazi, dumu kwa dumu.

Bibi wa nyumba ya jirani alikuja na fimbo yake akatazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Baba, mnalinywesha jiwe, na sisi maji tunanunua?"

"Likikosa maji wiki hii litapasuka, bibi."

Akaguna, akaondoka. Jioni akamtuma mjukuu wake na dumu moja.

Lilipasuka hata hivyo, upande wa upepo, ufa wa urefu wa mkono, sentimeta 40 kutoka chini. Niligonga ukuta wote kwa kishikio cha nyundo. Pale lipu ilipoachia palilia kama kibuyu. Nikachimba ufa kwa tindo kwa umbo la V, nikauosha, nikapaka uji wa saruji, nikaujaza mota ya 1:2 kabla uji haujakauka, nikafunika gunia bichi. Ndani nikapiga niru, yaani saruji tupu iliyolainishwa.

Mfereji ulikuwa na mteremko wa sentimeta 1 kwa kila meta, na kabla ya tangi tuliweka bomba la inchi 4 lenye urefu wa meta 3, limezibwa chini. Linakamata lita 24 za mwanzo za mvua, zenye vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege, zisiingie kwenye tangi, na unalifungua kulimwaga kila mvua ikiisha.

Mvua ya kwanza ilinyesha Desemba usiku. Asubuhi nilimkuta bibi ameshafika, anagonga ukuta kwa fimbo kuanzia juu, kama alivyoniona nikifanya. Tupu, tupu, tupu. Alipofika usawa wa goti sauti ikawa nzito. Akaweka mkono pale penye kiraka, akautazama. Mkavu.