Umeme ulikatika, upepo ukabaki

Hii ilitokea Mtwara mjini mwanzoni mwa 2019, kwenye kibanda cha sofa pale Chikongola, mi nina mwaka na miezi kwa mjomba. Mjomba sio wa damu, ni fundi aliyenipa kazi mkononi, ila ukishakula kwake na kulala kwake huwezi tena kumwita jina.

Msimu ule wa korosho watu wa kusini wanaukumbuka vizuri, serikali ilisema inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo, wanajeshi wakaja kubeba mzigo, af hela zikawa zinaingia kwa mafungu, huyu kapata jirani yake bado. Kwa sisi wa sofa maana yake oda zilikuwa za kushtukiza, mtu akiingiziwa leo benki kesho asubuhi yuko kibandani anataka seti, na anaitaka upesi kabla madeni hayajaimaliza ile hela. Ndo alivyokuja mama mmoja wa Tandahimba. Seti ya watu saba, kitambaa rangi ya chai ya maziwa, iwe tayari Ijumaa. Siku hiyo ni Jumatatu. Mjomba akasema sawa mama.

Ilikuwa inawezekana kwa sababu ya stepla ya upepo. Zamani tulikuwa tunapiga vimisumari vifupi kwa nyundo, unavishika midomoni unatema kimoja kimoja, kiti kimoja kinakula siku nzima. Mjomba akapata kompresa ya mtumba, ile mashine ya kujaza upepo kwenye tenki, ya lita 50, pamoja na gani yake, yani stepla yenyewe, inakula pini za miguu miwili za namba 1013J, hiyo 13 ya mwisho ndo urefu wa miguu ya pini kwa milimita. Sasa hizi gani ndogo za kitambaa nyingi hazina ule ulimi wa usalama puani kama zile kubwa za misumari, ambazo usipozikandamiza kwenye mbao hazitoi kitu. Yetu ukigusa triga imeshatoka, puani kuwe na mbao, kuwe na hewa tupu, kuwe na mtu.

Mjomba hakutuachia tuishike hivi hivi, namtetea kwa hilo. Alituonyesha geji ya kupimia upepo, isizidi baa 6, maana upepo ukizidi pini inachana kitambaa badala ya kukishika. Mkono unaovuta kitambaa ukae pembeni kabisa, mbao zetu nyingine zilikuwa za mapaleti na ndani unakuta kifundo au msumari wa zamani umejificha, pini ikigonga pale inapinda na kutokea usipopategemea. Miwani tulikuwa nayo moja, anavaa anayepiga. Matone mawili ya oili kwenye gani asubuhi, jioni unafungua maji ya tenki, na Mtwara hewa ya bahari hiyo maji yanatoka kweli, ya rangi ya kutu. Yote hayo tulikuwa tunafanya.

Ila mpira wa upepo ulifungwa moja kwa moja kwenye gani kwa klipu ya kukazwa na bisibisi. Tuliukuta hivyo, tukauacha hivyo. Kuutoa ni dakika tano na kuurudisha ni tano nyingine, kwa hiyo pini ikikwama hakuna aliyekuwa anautoa, unafungua reli, ule mfereji zinapokaa pini, unang'oa ile iliyopinda kwa koleo, unafunga, unaendelea. Mimi nilifanya hivyo mara nyingi sana na mjomba mwenyewe nimemwona akifanya.

Jumatano mchana mvua ilishika, kibanda kikawa giza, na mi niko kwenye mgongo wa kochi kubwa. Pini ikakwama. Hata sijaanza kuishughulikia umeme ukakatika, kompresa iliyokuwa inanguruma ikafa katikati, balbu ikazima, tukabaki na mvua kwenye bati. Nakumbuka nilichowaza, nakikumbuka kama jana, niliwaza afadhali, sasa imezimika ngoja niitoe hii pini kwa raha. Kwangu mimi kompresa ikinyamaza na upepo umekwisha. Lita 50 zimekaa pale zimejaa na mi naona chombo kimekufa.

Nikamwita dogo aniangazie. Dogo alikuwa kijana wa Mikindani, miaka 19, ana miezi minne kazini, mpole, anauliza maswali mengi. Akaja na tochi ya simu mkono wa kulia, wa kushoto akaushika ubao wa kochi. Nikafungua reli, nikaing'oa pini kwa koleo, ilikuwa imejikunja kama herufi z, nikafunga reli, pini mpya zikasogea mbele, nikasikia kabisa ule mlio wake mdogo. Af nikaigeuza gani nione pua yake kwenye mwanga kama imesafishika, na nilipoigeuza niliishika kama ninavyoishika siku zote, kidole kwenye triga.

Ta.

Simu ikaanguka. Dogo hakupiga kelele, alivuta pumzi tu kwa meno, akanionyesha mkono. Kidole cha shahada cha kushoto, juu kidogo ya kiungo cha mwisho, ule mgongo wa pini umelala juu ya ngozi umenyooka vizuri kabisa, kama unavyolala kwenye kitambaa pini ikipigwa sawasawa, na miguu yote miwili imezama ndani. Damu hakuna. Ngozi imebonyea tu pembeni ya chuma, nyeupe. Ile namna ilivyokaa vizuri ndo iliyonitoa nguvu, maana ni kazi yangu, ndivyo nilivyokuwa najisifia pini zangu zinavyokaa.

Koleo iko mkononi mwangu na nikataka kuivuta. Mjomba alikuwa ndani kwenye cherehani cha miguu, katoka, kaona, kasema acha, usiiguse, hujui imeshika nini huko ndani. Akaninyang'anya gani kwanza. Akaenda kwenye kompresa, geji bado imesimama kwenye 6, na mi sikuwa nimeitupia hata jicho, akafunga koki, akaisimamisha gani kwenye kipande cha mbao akapiga. Ta. Ta. Ta. Ya nne ikaingia nusu. Ya tano ikatoa pumzi tu. Yani tenki limeshafungwa na upepo uliobaki kwenye mpira peke yake ulitosha pini tatu nzima. Hakuniambia neno, alipiga huku ananiangalia.

Akamfunga dogo kwa kitambaa safi, tukapanda bodaboda watatu kwenye mvua kwenda hospitali. Picha ilionyesha mguu mmoja umekwaruza mfupa na kupinda ncha. Daktari akasema mngevuta kwa koleo ile ncha ingechana kila kitu wakati wa kutoka. Wakamchoma ganzi, wakaitoa polepole, wakaosha kidonda muda mrefu, sindano ya pepopunda, dawa za siku saba. Mpaka hapo dogo alikuwa kaniuliza kitu kimoja tu, kaka, Ijumaa tutawahi?

Jioni nilimsindikiza kwao Mikindani. Mjomba alitaka kwenda yeye, nikamwomba niende mimi. Nikamwamkia mama yake shikamoo, nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia mama, mimi ndo niliyempiga. Alikaa kimya muda mrefu anakiangalia kile kidole. Af akasema, mwanangu, nilikupa mdogo wako. Nikasema ndiyo mama. Akaniletea maji ya kunawa, nikala wali kwa samaki nyumbani kwake na kila tonge lilikuwa linapita kwa shida.

Alhamisi asubuhi mjomba alikwenda kununua kapla, vile vichwa vya kuchomoa na kuchomeka kwa mkono. Hata bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli na dawa za siku moja, na hilo mpaka leo linaniuma. Akakaa chini akanionyesha kinavyofungwa, kile cha dume kinakaa kwenye gani na cha jike chenye vali kinabaki kwenye mpira, ukichomoa jike linajifunga lenyewe na gani inatema upepo wote palepale. Ukibadilisha, jike likakaa kwenye gani, unachomoa mpira na gani inabaki na upepo ndani, utaibeba ukidhani ni tupu. Nimeshakuta vibanda viwili vitatu wamefunga hivyo, nikawaomba bisibisi nikawabadilishia mwenyewe.

Kuanzia siku ile pini ikikwama unachomoa kwanza, halafu ndo unafungua reli. Umeme ukikatika vilevile. Na gani ikiwa mkononi bila kupiga kidole kinalala nje kwenye mwili wa gani, hilo lilinichukua wiki nyingi maana mkono ulishazoea triga, nikawa natembea nayo huku najisemea kidole, kidole.

Sofa za mama wa Tandahimba zilitoka Jumamosi, tulimpigia tukamweleza ukweli wote, akasema sofa haina haraka kuliko mtoto wa mtu.

Dogo alirudi wiki ya tatu. Kucha ilikuwa imeanza kuota na mstari, anaichezea kwa gumba. Mjomba akamwambia afagie tu siku hiyo, yeye akaomba gani. Nikampa ikiwa imechomolewa, akavaa miwani, akachomeka mpira mwenyewe, akaangalia geji, akasubiri mpaka nikasogea upande wa mlangoni nyuma yake. Af akapiga.