Mabinti walivyozuia kesi kumalizwa kwa mbuzi

Hapa Busia, upande wa Uganda, mtoto wa kike akishika mimba wazee wa pande mbili hukaa. Mbuzi wanatajwa, pesa zinatajwa, chai inanyweka, na jambo limekwisha. Binti mwenyewe haulizwi. Nauza mitumba karibu na mpaka, na baada ya shule kufungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 niliyaona haya yakizidi. Mabinti waliokuwa darasani wakawa wanavusha mizigo, wengine wakabaki nyumbani na watoto mgongoni.

Niliumia, nikaamua kuanza na waliokuwa karibu nami. Kilichotushinda mwanzoni ni mahali pa kukutana. Mama akisikia binti yake anakwenda mkutanoni, kazi za nyumbani huongezeka. Lakini hakuna mama anayemzuia binti kwenda kuteka maji. Basi tukakutana kwenye pampu: madumu yamepanga foleni, sisi tumekaa kivulini.

Sikuwafundisha kupiga hotuba. Tulianza na kasha la akiba lenye kufuli tatu, funguo kwa wasichana watatu wa nyumba tofauti. Kila mmoja aliweka alichonacho, hata shilingi 500. Daftari lilishikwa kwa zamu, na mwenye zamu alisoma kwa sauti: nani ameweka, nani amekopa, nani amechelewa. Binti aliyezoea kumwambia dada mkubwa mbele ya watu kwamba hajalipa deni, hamwogopi mwenyekiti wa kijiji kirahisi. Kwangu uongozi ulianzia hapo, kabla hatujagusa habari za haki.

Sheria ilifuata. Afisa wa maendeleo ya jamii alikuja akakaa nasi pale pale kwenye madumu, na mabinti wakaandika kwenye karatasi ya manila: Katiba ya 1995, kifungu cha 31, umri wa kuoa na kuolewa ni miaka 18. Kunajisi mtoto ni jinai, na mahakama ya LC1, yaani baraza la kijiji, haina mamlaka ya kuisikiliza wala kuisuluhisha. Inakwenda polisi, kwenye kitengo cha watoto na familia, na mtoto anapimwa na daktari kwa fomu ya polisi iitwayo PF3A. Simu ya 116, ya kuripoti mtoto anapodhulumiwa, ni ya bure. Wakayakariri yote.

Halafu likatokea. Binti mdogo, bado yuko shule ya msingi, alishika mimba ya mtu mzima mwenye mali. Kikao kiliitishwa chini ya mwembe, mbuzi wawili wameshafungwa mtini. Aliyekuwa na zamu ya daftari siku hizo akasimama, daftari kifuani.

"Mzee mwenyekiti, naomba nafasi. Kikao hiki kinaweza kuamua deni na ugomvi wa majirani. Hili hakiwezi. Tunaomba utuandikie barua ya polisi, na uigonge muhuri."

Mjomba mmoja akafoka: tangu lini watoto wanafundisha wazee? Sauti ya binti ilitetemeka, lakini hakukaa. Akasoma kifungu chote. Ndipo mama wa yule mwenye mimba, ambaye asubuhi nzima alikuwa nyuma kimya, akatoka akasimama kando yake. Mwenyekiti akatazama mbuzi, akatazama watu, akaagiza aletewe kidau cha wino.

Watu wengi hawajui kwamba kesi hizi hufia kwenye nauli. Barua unayo, lakini nani atalipa boda boda ya kwenda kituoni, kisha hospitali, kisha mahakamani mara nyingine na nyingine? Kasha letu lililipa. Nilijivunia kasha lile kuliko hotuba yoyote.

Binti yule alijifungua salama. Shuleni walisita kumpokea, mabinti wakaenda na mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unaoruhusu wasichana waliozaa kurudi darasani. Akarudi. Bibi yake ndiye anayeshika mtoto.

Kijijini, mwenyekiti sasa hagongi muhuri kwenye barua ya posa kabla hajaona cheti cha kuzaliwa cha binti, au walau kadi yake ya chanjo. Ombi hilo pia ni la mabinti, walilipeleka kwa maandishi. Wavulana wawili wamekuja kuomba kujiunga na kasha na tunalijadili. Mimi nataka waingie, wasichana wengi bado hawataki, na uamuzi ni wao.

Kesi yenyewe bado iko mahakamani. Kila ikiahirishwa tunafungua kufuli tatu, tunahesabu nauli upya.