Joho Lililonukia Udi

Ijumaa ya tarehe 12 Oktoba 2012 nilikuwa kidato cha tatu, nimelala nyumbani Mbagala, Dar es Salaam, na malaria. Swala ya Ijumaa ilikuwa imeshaisha tuliposikia takbira, halafu mabomu ya machozi upande wa Kizuiani. Habari zikaingia uani kwa vipande: mtoto wa Kikristo kaukojolea Msahafu, yuko kituoni, watu wanataka wakabidhiwe, polisi wamekataa. Mara tukasikia makanisa yanachomwa.

Nyumba yetu ya kupanga ilikuwa na vyumba sita kwenye korido moja. Jirani wa chumba cha mbele alikuwa mwanakwaya wa Kilutheri, na asubuhi alifua joho lake akalianika barazani: zambarau, kola nyeupe, unaliona tangu barabarani. Sasa alisimama mlangoni, miguu haimbebi.

"Kaa ndani, shoga," mama akamwambia. Akajitanda ushungi, akatoka, akalianua likiwa bichi. Alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, akalivika baibui lake juu. Maji yakawa yanadondoka sakafuni, nami na homa yangu nikiyahesabu.

Usiku tukapata kisa chenyewe kama kilivyosimuliwa mtaani. Watoto wawili walibishana. Mmoja akasema anayeudhalilisha Msahafu anageuka nyoka, mwenzake akataka kuona. Mama akamgeukia mdogo wangu wa miaka kumi. "Na nyie mnabishana hivyo?"

Akainamisha kichwa. Kumbe yeye na mtoto wa yule jirani walishawekeana dau la soda kuhusu juzuu yake ya madrasa. Waliahirisha tu kwa sababu hakuna aliyekuwa na hela ya soda. Mama hakumchapa. Alikaa chini, akashika kichwa.

Miaka baadaye nilikisoma kifungu cha 125 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Kinamtia hatiani anayenajisi kitu kitakatifu, na kinamtia hatiani vilevile anayeharibu nyumba ya ibada, mradi awe na nia ya kutukana dini ya watu, au ajue kwamba huenda wataliona tendo lake ni tusi kwa dini yao. Kwa hiyo mtoto yule na waliowachomea watu kanisa wanasimama mbele ya mstari mmoja, na swali ni lile lile: ulikusudia nini, ulijua nini? Mtaani kwetu siku ile sikumsikia mtu akiliuliza, zaidi ya mama kwa namna yake, na yeye alimuuliza mwanawe. (Mbagala hiyohiyo tulizoea mihadhara ya uwanjani, sheikh ameshika Biblia, Wakristo wanapanga foleni kwenye kipaza sauti kumpinga, na jioni kila mtu anarudi kwake akicheka.)

Jumapili alfajiri jirani alikuja kuchukua joho. Lilikuwa limekauka, limekunjamana, na limeshika udi wa mama kila uzi. Akalinusa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu juzi.

"Dada, leo nitaimba sauti ya pili nikinukia Ijumaa."

Akalikunja, akalitia kwenye mfuko mweusi wa rambo, akatoka kupitia mlango wa uani.