Mikono miwili kwenye boneti moja

Jumamosi iliyopita nilifuta kwa thina nyota nyeupe, alama ya magari ya jeshi la Marekani, ambayo ilinichukua siku nzima kuipaka kwenye boneti ya Jeep yangu, Ford GPW (Jeep ya kijeshi iliyoundwa na kampuni ya Ford) ya mwaka 1943, na niliifuta kwa sababu ilikuwa nzuri kupita kiasi. Kingo zake zilikuwa kali kama zilizokatwa kwa wembe, na duara lililoizunguka halikuwa na pengo hata moja. Aliyeitazama kwa mbali angedhani ni stika, na asingekuwa amekosea sana, kwa kuwa nilikuwa nimetumia stensili (kiolezo chenye matundu ya kupitishia rangi) ya vinaili iliyokatwa kwa mashine, kisha nikapuliza rangi juu yake.

Kosa langu lilikuwa kuchukulia kwamba alama zote za gari hili zilipakwa na mtu mmoja, mahali pamoja, kwa utulivu uleule. Gari la kijeshi la Marekani la wakati wa Vita Kuu ya Pili lilipitia walau mikono miwili. Mkono wa kwanza ni wa kiwandani, ambako namba ya usajili ilipakwa pande zote mbili za boneti. Kwa Jeep namba hiyo ilianza na 20, na mara nyingi rangi yake ilikuwa ya buluu iliyofifia, ili isionekane kwa urahisi kutoka mbali juu ya kijani cha zeituni kisichong'aa. Mkono wa pili ni wa askari aliyelipokea gari kikosini. Huyu ndiye aliyeandika alama za kikosi kwenye bampa, na mara nyingi ndiye aliyerudia namba ya boneti kwa rangi nyeupe. Duara la kuzunguka nyota lilianza kuenea mwaka 1943, wakati wa uvamizi wa kisiwa cha Sicily nchini Italia, kwa kuwa nyota peke yake, ikitazamwa kwa mbali, iliweza kudhaniwa kuwa msalaba wa Wajerumani.

Haya nilikuwa nimeyasoma, lakini sikuyaamini hasa mpaka nilipoanza kuondoa rangi za zamani. Nilitumia msasa namba 600 pamoja na maji, nikisugua taratibu kwa mzunguko na kufuta kwa kitambaa kila baada ya muda mfupi, na nilipoanza kuona mabadiliko nikahamia namba 1000. Chini ya matabaka ya rangi zilizopakwa baada ya vita ilijitokeza namba nyeupe, na pembeni mwake, kama kivuli, ile ya buluu. Nyeupe ilikuwa imekusudiwa kuifunika buluu, lakini haikuikalia sawasawa: ilishuka kama upana wa kidole kimoja, na tarakimu zake zilibanana kuelekea mwisho, kana kwamba mwandishi alitambua akiwa katikati ya kazi kwamba nafasi haitamtosha. Nilisimamisha msasa palepale, nikatandaza karatasi ya kunakilia, nikachora kila tarakimu kwa penseli kabla ya kugusa kitu kingine. Karatasi hiyo ina thamani kwangu kuliko picha zote nilizokusanya, na ninamwomba kila anayefufua gari la namna hii asikimbilie mashine ya kupulizia mchanga kabla hajatafuta namba za zamani kwenye gari lake.

Kwa hiyo nyota ya pili niliichora kwa njia ambayo askari angeweza kuitumia. Nilifunga kamba kwenye chaki, nikazungusha duara, nikaligawa mara tano kwa nyuzi 72, kisha nikaunganisha kila ncha na ile inayoruka moja. Pembe za ndani zinajipata zenyewe mistari inapokatana, bila kupima chochote. Mistari hiyo niliihamishia kwenye kadibodi ngumu niliyoipaka mafuta ya kitani na kuiacha ikauke, ili isinyonye rangi na kulegea. Stensili ya kukatwa kwa kisu lazima iwe na vidaraja vinavyoshikilia sehemu ya ndani isidondoke, na ndiyo maana duara katika picha nyingi za wakati ule limekatikakatika. Wako waliorudi kuziba mapengo hayo kwa brashi, na wako ambao hawakujisumbua. Mimi nimeyaacha.

Upakaji wenyewe unahitaji brashi ya duara yenye nywele fupi na ngumu, ambayo karibu imekauka. Unaichovya kidogo, unaigongagonga kwenye ubao mpaka iache alama hafifu tu, kisha unapaka kwa kudonoa, brashi ikiwa imesimama wima, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ukiburuta, rangi inapenya chini ya kadibodi. Sumaku ndogo hushikilia stensili vizuri kuliko tepu, mradi uso wa bati haujapinda sana. Unapoinua kadibodi utaona ukingo wenye chembechembe, ulio laini mahali pamoja na mzito mahali pengine, ambao sijaona mashine ya kupulizia ikiutoa.

Hata hivyo, ukweli huu usigeuzwe kuwa kisingizio cha uzembe. Nimeona magari ambayo wenyewe wamemwaga michirizi ya makusudi na kusugua herufi mpya ili zionekane kuukuu, na matokeo yake ni kama mavazi ya jukwaani. Askari yule alikuwa na haraka, lakini alitaka kazi yake isomeke. Alama za bampa zilikuwa na utaratibu wake: ukisimama mbele ya gari, kushoto unasoma divisheni na rejimenti, na kulia kombania pamoja na nafasi ya gari katika msafara. Hivyo 29 ikifuatiwa na 116-I ni Divisheni ya 29 na rejimenti yake ya 116 ya askari wa miguu (I ni kifupi cha Infantry). Herufi iliyoinama inavumilika. Kundi la alama lililowekwa upande usio wake halivumiliki.

Imebaki namba ya boneti. Nimetumia jioni mbili kuipaka ile ya buluu kwa unadhifu wa kiwandani, nikipima kila nafasi kwa rula, na rangi ikishakauka nitaipiga nyeupe juu yake, kidole kimoja chini, tarakimu za mwisho zikibanana kama zilivyo kwenye karatasi yangu. Katika buluu yote hiyo, kitakachobaki kuonekana ni ukingo mwembamba juu ya kila tarakimu.