Kesho Tunaingia Geti la Marangu

Saa 11 alfajiri

Leo tarehe 4 Desemba. Nimetoka uani, hapa Moshi, kabla ya adhana kuuangalia mlima. Kibo, kilele chake kikuu, iko wazi, imemwagiwa theluji mpya ya usiku. Msimu huu wa vuli Kilimanjaro mara nyingi hujionyesha alfajiri. Ikifika saa 3 mawingu yameshaufunika. Wageni wangu sita walishuka kwenye basi la Dar jana usiku, wote wa ofisi moja, na wanataka kufika kileleni asubuhi ya tarehe 9. Usiku wa Uhuru wa mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika Mwenge na bendera kule juu, na kila Desemba Watanzania wengi hupanda kwa ajili ya kumbukumbu hiyo. Mimi huwapenda sana wageni wa aina hii. Wanapanda mlima wao.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kuwapandisha watu. Siku hii ya kujiandaa hakuna anayeipiga picha, lakini mimi naiogopa na kuiheshimu kuliko usiku wa kileleni. Mambo mengi yanayowashusha watu kwenye machela huwa yalikuwepo tayari siku hii, yamefichwa kwenye begi au moyoni.

Saa 1 asubuhi

Niko sokoni Mbuyuni na mpishi wetu. Tangawizi, maboga ya supu, ndizi, viazi, dagaa, unga wa wagumu, wapagazi wetu. Nasisitiza tangawizi na supu kwa sababu huko juu hamu ya kula hupotea, na mtu asiyeweza kutafuna bado anaweza kunywa.

Saa 3

Stoo. Wagumu kumi na watatu, mizigo chini, mizani inaning'inia kwenye boriti. Mzigo wa kampuni kwa kila mmoja usizidi kilo 20, na getini utapimwa tena. Nikishamaliza mizigo nawakagua wao wenyewe. Kijana mmoja, safari yake ya pili, amekuja na raba zilizochanika pembeni na sweta moja. Kule Kibo Hut, kituo cha mwisho kabla ya kilele, mita 4,720, maji hugandia kwenye ndoo usiku. Nimemtolea buti, soksi mbili za sufi na koti la mvua la stoo. Alitaka kukataa, akidhani atakatwa pesa. Nimemwambia hakatwi hata shilingi. Mimi siwezi kumkagua mgeni mpaka chini ya kucha halafu mtu anayembebea begi nimwache atetemeke.

Saa 4 na nusu

Hotelini. Kila mgeni amemwaga begi lake lote kitandani, ndivyo nilivyowaomba. Fulana za pamba na jinzi nazitenga zibaki Moshi: pamba ikilowa jasho haikauki, na baridi inakuingia mwilini kupitia hapohapo. Mifuko ya plastiki pia inabaki. Nchini imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na chupa za maji za kutupa haziingii hifadhini. Dada mmoja amesuka rasta nene, mzula haumwingii hadi masikioni. Tumejaribu mitatu mpaka tukapata unaofika.

Halafu buti za mama mhasibu, miaka 54.

"Hizi nzuri, mwanangu. Nilinunua miaka tisa iliyopita, nimezivaa mara mbili."

Kwa macho ni mpya kweli, ngozi inang'aa. Nimeishika moja, nikabonyeza soli kwa kidole gumba karibu na kisigino. Kidole kimezama. Nimekunja mbele kidogo, soli ikaachia ikiwa na ungaunga mweusi, kama mkate uliochacha. Soli za namna hiyo huoza zenyewe zikikaa kabatini, hasa kwenye joto na unyevu wa pwani, na mwenye buti hajui mpaka siku anayoitegemea. Mama amekaa kitandani akiishika ile soli mkononi, kimya. Alikuwa amefanya mazoezi miezi mitatu: ngazi za ghorofa saba kila jioni, milima ya Pugu kila Jumamosi, mara moja Uluguru. Mwili wake uko tayari kuliko wa vijana wote wale. Tumekwenda kwenye duka la kukodisha vifaa, akajaribu jozi nne akiwa amevaa soksi zake nene, akashuka ngazi ya duka mara kumi ili aone kama vidole vinagonga mbele. Jozi ya nne imemkubali. Nimemwomba azivae mpaka usiku, hata mezani.

Saa 7 mchana

Baada ya chakula tumekaa kwa mazungumzo ya afya. Nawaeleza njia na vituo vyake vya kulala bila kuipamba: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720 ambako tutalala usiku mbili ili mwili uzoee, kisha Kibo Hut. Kuanzia hapo, usiku wa manane, tunapanda mita 1,175 kwenye changarawe inayorudi nyuma kila hatua, na siku hiyohiyo tunashuka mpaka Horombo. Kileleni kila pumzi inakupa kama nusu ya oksijeni unayoipata Dar. Kichwa kikiuma, niambie. Ukiyumba kama mlevi, au ukikosa pumzi ukiwa umekaa, unashuka saa hiyohiyo, iwe usiku iwe mvua.

Wawili wamekuja na Diamox, dawa ya kukinga ugonjwa wa mlimani. Nimewauliza kama Septrin, ambayo nayo ina salfa, iliwahi kuwavimbisha midomo au kuwatoa malengelenge. Mmoja amesema ndiyo, utotoni. Dawa yake tumeiweka pembeni mpaka aongee na daktari.

Kisha nauliza swali ambalo wageni wa Ulaya siwaulizi sana: kuna mwenye selimundu kwenye familia? Kimya. Nimewaacha wanywe chai. Kaka mmoja wa miaka 29, mwenye mbio kuliko wote, amenifuata mpaka kwenye ngazi.

"Dada, mdogo wangu anayo. Mimi sijawahi kupima. Lakini mimi siumwi."

Nimemshukuru, na nilimaanisha. Mtu aliyekata tiketi, akachangisha ofisini, akapewa bendera aibebe, ana kila sababu ya kunyamaza. Nimemweleza kwamba mwenye vinasaba vya upande mmoja, yaani vya mzazi mmoja tu, mara nyingi huishi maisha yake yote bila shida, lakini penye oksijeni haba seli zake zinaweza kujikunja na bandama ikadhurika vibaya. Ameniuliza kama lazima. Nimesema kwangu mimi ni lazima. Msaidizi wangu amempeleka hospitali kutoa damu.

Saa 10 jioni

Msitu wa Rau, saa moja ya kutembea. Hapa nawafundisha mwendo tu. Kipimo changu ni kimoja: simulia jambo huku unapanda, ukikata sentensi katikati ili uvute hewa, umekwenda haraka. Vijana wanaona aibu kutembea hivi. Mama mhasibu, na buti zake za kukodi, ameushika mwendo mara ya kwanza, nimemweka mbele na kesho atabaki hapohapo.

Saa 1 usiku

Majibu ya yule kaka yametoka. Ana vinasaba vya upande mmoja. Daktari amekaa naye zaidi ya nusu saa, akamshauri asilale mlimani wala asipite eneo la Mandara. Amerudi hotelini, macho mekundu, akaniomba nisiwaambie wenzake, awaambie mwenyewe. Amewaambia mezani. Kesho atapanda na sisi msitu wote, atafika Mandara, atakwenda kuona kreta ya Maundi iliyo jirani, kisha atashuka na msaidizi wangu kabla ya giza.

Nilikuwa na maneno ya kumfariji, nikaona ni mepesi mno kwa kitu alichopoteza leo. Nikamwongezea chai.

Saa 3 usiku

Nimewapima wote oksijeni na mapigo ya moyo kwa kifaa cha kidoleni, nimeandika kwenye daftari. Hizi namba za Moshi ndizo nitakazolinganisha nazo kila jioni huko juu. Dada wa rasta ameng'oa kucha za bandia mbili bila kuombwa mara ya pili, maana zinaweza kukidanganya kipimo. Wote wamekata kucha za miguu. Betri za tochi ziko mifukoni, watalala nazo kifuani.

Nikiwa natoka, yule kaka amenikimbilia mapokezi na bendera, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Nimeitoa kwenye nailoni, nikaivingirisha ndani ya mzula wangu wa akiba, nikaiweka chini kabisa ya begi la mgongoni. Ameniuliza ina uzito gani. Tumeipima kwenye mizani ya jikoni pale hotelini: gramu 140.

Gari linakuja saa 1 asubuhi.