Nilisema "Kidogo"

Leo ni Jumanne, na tangu Jumapili usiku neno moja nililolisema mwenyewe halijanipa usingizi. Mzee aliyeketi kuliani kwangu kwenye ukumbi wa opera aliniuliza, "Umeelewa?", nami nikamjibu, "Kidogo." Ndiyo yote. Nimelirudia jibu hilo ndani ya treni, nimelirudia nikitandika vitanda wodini, na hata jana nilipoitwa ofisini kutia saini ule mkataba wa kudumu niliousubiri miaka mitatu, kichwani nilikuwa bado nikijiuliza kwa nini sikusema "Ndiyo."

Mnaonifahamu mnajua kwamba tiketi zilikuwa za msimamizi wetu wa wodi, ambaye sasa yuko kwenye likizo ya uzazi, na kwamba sikuwa nimetia mguu katika ukumbi wa opera hata siku moja. Zilikuwa tiketi nne, za jioni nne ndani ya siku sita, kwa sababu Wagner, mtunzi Mjerumani, aliitunga Pete ya Nibelung, opera nne (tamthilia za kuimbwa) za hadithi moja, isikilizwe kwa mfululizo, na huku Ujerumani wapo watu wanaopanga likizo zao kwa kuifuata. Sikutaka kuaibika. Kwa miezi miwili nilisoma maneno yote ya opera hizo, ambayo aliyaandika mwenyewe, kamusi ikiwa mapajani, mpaka nikaijua mikataba ambayo mungu Wotan aliichonga kwenye mkuki wake kuliko ninavyoujua mkataba wangu wa kupanga nyumba. Ndiyo maana hilo "kidogo" linaniuma. Lilikuwa uongo, tena uongo wa adabu, ule ambao mgeni huuweka tayari mdomoni kabla hajaulizwa.

Mzee mwenyewe, kwa jioni tatu, alikuwa jirani mwema. Alikuja na mto wake mdogo wa kukalia, na kabla taa hazijazimwa alinipa peremende ya mnanaa akiwa ameshaimenya karatasi yake, isije ikalia katikati ya muziki, maana hapa hata kikohozi humezwa ndani ya leso. Ukimya huo ulinishinda kuuzoea. Kwetu Tanga ubeti wa taarabu ukimgusa mtu hangoji wimbo uishe: huinuka, akaenda mbele kwa madaha noti ikiwa juu, akamtunza mwimbaji, na ukumbi mzima ukageuza shingo kumtafuta aliyelengwa. Hawa huketi gizani bila kutikisika, sehemu ya kwanza ya Götterdämmerung, ile opera ya mwisho kati ya nne, peke yake ikienda karibu saa mbili, na yote waliyoyameza huyahifadhi mpaka mwisho.

Jumapili waliyatoa. Mwongozaji alikuwa ameifanya Valhalla, makao ya miungu, kuwa jiko la hoteli iliyofilisika. Mwishoni kabisa, pale ambapo Brünnhilde, binti wa Wotan, hutakiwa kuwasha kuni na kuingia motoni pamoja na farasi wake, huyu alizima majiko ya gesi moja baada ya jingine, akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza na kuilainisha kwa kiganja. Orkesta chini ilikuwa ikiiunguza dunia, na juu alikuwepo mwanamke anayefunga jiko. Machozi yalinitoka. Bibi yangu alikuwa akizima moto hivyo hivyo kwenye mafiga baada ya hitima, polepole, wala hakumwachia mtu mwingine kazi ile.

Waimbaji walipotoka kuinamisha vichwa walipigiwa makofi na vishindo vya miguu mpaka sakafu ikatetemeka. Kisha akatoka mwongozaji, na ukumbi ukazomea. Mzee wangu wa peremende alisimama, akaweka viganja mdomoni mfano wa tarumbeta, akatoa sauti nzito, ndefu, ya mtu mwenye mazoezi. Alipoketi aliniona nikipiga makofi, mashavu yakiwa bado mabichi, ndipo akaniuliza swali lake.

Nilimsimulia Mama kwa simu. "Wamekaa saa zote hizo wakimtazama, ndipo wamzomee?" akasema. "Si wangetoka, mwanangu, wakawahi kulala?" Nilicheka sana, na baada ya kucheka nikakumbuka kilichofuata, ambacho hasira ilikuwa imekifunika.

Kwenye foleni ya makoti mzee alinieleza kwamba mwaka 1976, akiwa mwanafunzi, alikuwepo Bayreuth, mji wa tamasha la opera za Wagner, Pete ilipotimiza miaka 100 tangu ionyeshwe nzima mara ya kwanza, na Mfaransa Patrice Chéreau akawaweka mabinti wa mto Rhine kwenye bwawa la umeme na miungu katika enzi ya viwanda. Watu waliingia na filimbi mifukoni. "Yangu ilikuwa ya refa," alisema. Onyesho hilo hilo lilipofikia tamati mwaka 1980 lilishangiliwa kwa zaidi ya saa nzima, pazia likafunguliwa mara 101. "Sikuwepo," alisema, akikigeuzageuza kibati cha namba ya koti lake. "Nilikuwa nimesusa."

Sasa nalisikia swali lake kwa sauti nyingine. Huenda hakuwa akinipima. Huenda aliuliza kama mtu aliyewahi kuachwa na treni anavyomuuliza jirani yake kama hii ndiyo yenyewe. Lakini sauti ile pia naijua, maana naisikia wodini kila wiki kutoka kwa wagonjwa wanaoniuliza neno kwa neno kama nimeelewa dawa ninayowapa mimi. Sijaweza kuamua, na kila ninapokaribia kumsamehe naikumbuka ile tarumbeta ya viganja. Jibu nililonalo leo ni refu, lina aproni ndani yake na mafiga ya Bibi, wala sijui nimpelekee wapi, kwa kuwa hata jina lake sikuliuliza.

Hamadi naye hajanijibu kuhusu mabati. Fedha nilizituma tangu Ijumaa, vuli imekaribia, na upande wa chumba cha Mama ndio unaovuja.